Unyenyekevu Unadaiwa Nani? Mfalme Uzia na Makuhani Themanini



Kila mwaka katika semina za Agano la Kale hurudi dai moja: kwamba unyenyekevu wa Biblia ni mafundisho ya kumtuliza mnyonge. Friedrich Nietzsche, katika kitabu chake cha 1887 kuhusu asili ya maadili, aliwalaumu walioshindwa kwa kuugeuza udhaifu wao kuwa wema. Wengine wanawalaumu watawala, kwamba ndio walioutunga ili watu watawaliwe kimya kimya. Pande hizi zinagombana juu ya mtungaji, lakini zinakubaliana kwamba anayeambiwa ajishushe ni mtu wa chini. Hapo ndipo zote mbili zinapoanguka.

Hebu tuulize nani anakemewa. Ni Farao, ni mfalme wa Tiro katika Ezekieli 28, ni Nebukadreza anayekula majani kama ng'ombe, ni Herode katika Matendo 12. Kumbukumbu la Torati 17 inamkataza mfalme kujirundikia farasi, wake, fedha na dhahabu, na inamwagiza aisome torati maisha yake yote asije akawadharau ndugu zake. Haya mnayajua.

Ila kuhusu Uzia sitaharakisha, kwa kuwa 2 Mambo ya Nyakati 26 ni sura ninayoipenda kuliko zote katika suala hili. Uzia anaanza kutawala akiwa na umri wa miaka 16, anakaa kitini miaka 52. Anabomoa kuta za Gathi, Yabne na Ashdodi. Anachimba visima, anajenga minara jangwani, anapenda kilimo, ana jeshi la watu 307,500 na mitambo ya kurusha mawe. Mwandishi hamnyimi sifa hata moja. Kisha mfalme anaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani peke yao. Kuhani Azaria anamfuata na wenzake 80, wanamwambia usoni atoke. Anakasirika chetezo kikiwa mkononi, na ukoma unamtokea kwenye paji la uso. Anamaliza siku zake katika nyumba ya kutengwa, mwanawe Yothamu akiwaamua watu.

Linganisheni na 2 Wafalme 15, ambako mfalme huyohuyo anaitwa Azaria: anapigwa ukoma, basi, sababu haitajwi. Mwandishi wa Nyakati ndiye anayetaja kiburi, na anakiweka pale hasa mtawala anapokataa kuambiwa hapana. Kwangu huyu ndiye mwalimu mkuu wa unyenyekevu katika Agano la Kale, ingawa wenzangu wengi humwona mkusanyaji wa nasaba tu.

Nilikuwapo katika ibada moja ambapo mama mjane aliuliza hesabu za mchango wa ujenzi. Kiongozi alimjibu kwa mahubiri marefu juu ya ubaya wa kiburi. Mama akakaa chini, na hesabu hazikusomwa. Siku hiyo nilielewa kwa nini dai la semina zetu linawavuta vijana: wameliona likitendeka. Lakini katika hadithi ya Uzia, aliyeuliza yuko upande wa makuhani 80.

Mtaniletea 1 Petro, ambamo watumwa wanaagizwa kutii na vijana kuwatii wazee. Ni andiko zito, na limetumiwa vibaya kwa karne nyingi, sitalipunguza uzito. Mithali nayo humwonya kila mtu. Hata hivyo, katika sura ya 5 ya waraka huohuo, kabla vijana hawajaguswa, wazee wanakatazwa kulitawala kundi kwa mabavu wala kulichunga kwa tamaa ya fedha. Na Musa, anayesifiwa kwa upole katika Hesabu 12, ndiye aliyesimama mbele ya Farao akidai watu waachiwe.

Ninyi mnaojiandaa kwa uchungaji, nawasihi: mkipangiwa kuhubiri juu ya kiburi, someni kwanza sura ya Uzia mbele ya baraza la wazee na kamati ya fedha, na hesabu za kanisa ziwe mezani siku hiyo.