Kupokezana Habari Juu ya Mapaa

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Wajumbe, mkesha wa Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi



Halmashauri imenitaka niseme habari za mitandao ya waifai ijengwayo kwa mfano wa wavu, kwa kuwa jambo hilo limo katika ajenda ya kesho, na wajumbe wengi wameniuliza kama ni mali au ni upepo tu. Nitasema niliyoyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza mafundi, kisha uamuzi ni wenu.

Shida yetu yajulikana. Ghala letu la mjini, pamoja na ofisi ya hesabu, viko nyuma ya maghorofa, katika kichochoro ambacho hata lori huingia kinyumenyume. Waya wa kioo uletao intaneti umepita barabara kuu, mwendo wa nyumba nne tu, lakini kampuni tuliyoiandikia ilitujibu ya kwamba haitauvuta hadi ndani kwa ajili ya mteja mmoja. Simu za mkononi nazo hushika vema uani, lakini ndani ya ghala, kwa sababu ya kuta za zege na paa la bati, hazishiki. Kwa hiyo uzani wa mazao huandikwa daftarini, kisha karani hutoka na daftari lake mpaka barabarani ndipo apeleke hesabu. Siku ya mvua hangoji karani peke yake; mkulima aliyeko kijijini naye hungoja malipo yake.

Wala si sisi wa kwanza kupatwa na haya. Watu wa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, walikwisha kuyaona, na sababu yake yachekesha kidogo. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, sehemu nyingi za mashariki ya mji huo zilitandikiwa waya mpya wa kioo, jambo la kujivunia wakati ule. Lakini miaka michache baadaye intaneti ya kasi ikaja majumbani kwa njia iitwayo DSL, nayo hupita katika waya wa shaba. Basi wenye waya mpya, kama wale wa baadhi ya mitaa ya Friedrichshain, wakakosa, na wenye waya wa zamani wakapata.

Katika miaka ya 2002 na 2003 baadhi ya wakazi wakaanza kuweka ruta ndogo madirishani na eriali juu ya mapaa. Umoja wao waliuita Freifunk, maana yake redio huru. Aliyekuwa na intaneti aligawa kiasi. Jirani akaipokea, akaitumia, na papo hapo akaipitisha kwa jirani wa tatu, na wa tatu kwa wa nne. Baadaye hata minara ya makanisa ikatiwa eriali, kwa kuwa mnara huona mbali kuliko nyumba.

Yafaa nieleze jinsi kazi hii inavyokwenda. Katika nyumba ya kawaida kila simu husema na ruta moja, na ruta hiyo ikifa wote hunyamaza. Katika wavu kila kituo ni mpokeaji, tena ni mchukuzi wa mizigo ya wenziwe, kama watu wapokezanavyo ndoo za maji nyumba inapoungua. Kituo kimoja kikizimika, programu hutafuta njia nyingine, iwapo ipo. Wajerumani hao walitunga programu yao wenyewe, waliyoipa jina la B.A.T.M.A.N., na ndani yake hakuna kituo kinachoshika ramani nzima ya mtandao. Kila kimoja chajua tu ni jirani yupi aliye njia njema ya kumfikia fulani. Ndivyo aendavyo mgeni kijijini kwetu: huelekezwa nyumba hata nyumba, na mwisho hufika.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mawimbi haya hayapendi zege, wala bati, wala mwembe wenye majani mabichi. Eriali na eriali hazina budi kuonana. Huko New York, umoja wa kujitolea uitwao NYC Mesh humtaka mwombaji apande juu ya paa lake na kupiga picha pande zote, ili ijulikane kama aweza kuonana na kituo kingine; asipoonana na kimoja, hana la kufanya ila kungoja jirani ajiunge. Jambo jingine ni kasi. Kituo chenye redio moja hakiwezi kupokea na kutuma wakati mmoja, hivyo kila hatua huipunguza kasi karibu nusu. Wanachuo wa MIT huko Cambridge, Massachusetts, walijenga mtandao wa namna hii uitwao Roofnet, na katika taarifa yao ya mwaka 2005 walisema vituo 37 vilienea katika kilometa 4 za mraba, na kasi ya wastani kati ya vituo ilikuwa kilobiti 627 kwa sekunde, kwa njia ya hatua kama tatu. Mashine za leo zapita hizo mbali sana. Walakini hata kasi ile yatosha kupeleka uzani wa magunia. Kutazama mpira ni habari nyingine, vijana mtanisamehe. Tena wavu hauzai intaneti. Lazima awepo mmoja mwenye waya.

Mtaa wa Red Hook, ulioko Brooklyn katika mji wa New York, wastahili kutajwa. Shirika la mtaa liitwalo Red Hook Initiative lilikuwa limekwisha kuanza mtandao mdogo wa wavu pale tufani ya Sandy ilipopiga tarehe 29 Oktoba, 2012. Maji yakaingia majumbani, umeme ukakatika. Idara ya serikali ya kushughulikia maafa, FEMA, ikaleta intaneti ya setilaiti ikaungwa na mtandao ule, watu wakapata kuulizia misaada. Baada ya hapo shirika likawafundisha vijana wa mtaa kuzifunga eriali na kuzitengeneza. Kwangu mimi hilo la vijana lina uzito kuliko mashine zote.

Maana ndugu wajumbe, fedha za vifaa zimo katika mfuko wa maendeleo. Mpango wetu wataka mapaa manne: shule iliyo pembeni mwa barabara kuu, ambayo yaweza kuvutiwa waya, msikiti, duka la dawa za mifugo, na ghala letu. Kuna asemaye tununue kwanza, tupatane baadaye. Mimi sikubaliani naye. Watu wa mitandao hii wana mapatano yaitwayo Pico Peering Agreement, ambayo shina lake ni kwamba kila mmoja ataipitisha mizigo ya mwenziwe bila kuizuia wala kuichezea. Sisi tutaongeza: umeme wa ruta iliyo msikitini atalipa nani, na radi ikiichoma nani atanunua nyingine. Na tuiulize mamlaka ya mawasiliano kabla ya kumgawia mtu, kwani Ujerumani mwenye waifai aliyeacha mlango wazi aliweza kushtakiwa kwa kosa la mpita njia, kama mahakama kuu ya nchi ilivyoamua mwaka 2010, hata sheria ilipobadilishwa mwaka 2017.

Mjumbe mmoja alisema tutamwita fundi kutoka jiji kila panapoharibika. Nauli yake, malazi yake, na siku mbili za kumngoja msimu wa kupima mazao ukiwa umepamba moto, nani atazilipa? Naomba kila Chama cha Msingi kitaje kijana mmoja, mwanamume au mwanamke, asiyeogopa ngazi. Barua ya mwalimu mkuu na ile ya kamati ya msikiti nimemkabidhi Bwana Mwenyekiti. Ya mwenye duka bado haijafika. Yafaa hizo mbili zisomwe kesho kabla ya kupiga kura.