Kutoka Wodini Hadi Kiwandani

Msikilizaji, tuitazame mashine ya CT scan. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine hiyo jijini London mwaka 1971. Leo teknolojia ileile hukagua mizigo katika viwanja vya ndege, na viwandani huonyesha ufa mwembamba ndani ya pangaboi la injini ya ndege bila kulikata. Mashine hii hupiga picha kwa mionzi, na chuma huvumilia mionzi mikali ambayo mwili wa binadamu hauwezi. Kwa nini jambo hili likuhusu? Ukipanda ndege, uhai wako unategemea pangaboi hilo. Ni jambo jema mno. Lakini, upande wa pili, mafundi wa mitambo hii wanahitajika pia hospitalini, na kiwanda chenye fedha kinaweza kuwavuta. Je, nani atamlinda mgonjwa anayesubiri kipimo?