Karani wa Benki Aliyegeuka Mfugaji

Haya ni maneno aliyoyasema mfugaji mmoja, zamani msimamizi wa tawi la benki, mbele ya watu waliokusanyika Msambweni.

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma chini ya mwembe: nimeombwa niseme habari za maisha yangu tangu nilipotoka kazini. Nilikataa mara mbili, kwa kuwa sikuona kwamba mchunga ng'ombe ana jambo la kuhutubia. Lakini nimeambiwa kwamba wamo humu walimu na makarani watakaostaafu mwaka huu na mwakani, nao wanaulizana kiinua mgongo wakifanyie nini, na wengine wamekwisha kuanza kuulizia bei ya mitamba. Basi nitasema, tena nitaanza na hasara, maana habari za faida mtazipata kwa kila mtu.

Baba yangu alikuwa mtu wa minazi na mikorosho hapa hapa Msambweni. Mama yangu alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango. Mnaijua mila ya zamani ya Waduruma: ardhi mtu huipata kwa baba, lakini ng'ombe walifuata zaidi upande wa mama, yaani kwa mjomba. Mimi sikurithi ng'ombe hata mmoja. Nilirithi mjomba, na baadaye niliona kwamba urithi huo ulikuwa na thamani kuliko zizi zima.

Nilifanya kazi ya benki miaka 34, mwanzo nikihesabu fedha dirishani, mwisho nikisimamia tawi. Miaka mingi nilikaa Diani. Niliziona hoteli zikijaa wageni, kisha nikaona mwaka 1997, baada ya machafuko ya Likoni, vyumba vitupu na watu waliokopa wakija mbele ya meza yangu wakiwa wameinamisha vichwa. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia, "Bwana, uza kitu mapema, kabla hujauziwa." Nililisema neno hilo bila kupepesa macho. Lishikeni, maana litanirudia.

Nilistaafu mwaka 2018. Nikapata malisho kwa wajomba zangu, huko nyikani kati ya Kinango na Lunga Lunga, nikanunua ng'ombe 46, wengi wao zebu wa kwetu, na madume matatu ya Boran. Watu wa Ukunda walinicheka. Nikawaambia habari za Bwana Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania tangu mwaka 1966: yeye alianza maisha kwa kuchunga mbuzi akaishia benki, basi mimi nakwenda njia ile ile kwa kurudi nyuma.

Maradhi yalinifundisha adabu kwanza. Ninyi wa pwani mnamjua kupe, lakini hamjui afanyavyo kazi yake kule juu. Ng'ombe huvimba tezi chini ya sikio, hupata homa, huanza kuhema kama mtu aliyekimbia, na kabla ya wiki tatu kwisha unachuna ngozi. Hiyo ndiyo ndigana. Na karibu na msitu wa Shimba yuko mbung'o, mwenye kuleta nagana. Huyo hutegwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, na kando yake huwekwa chupa ya mkojo wa ng'ombe, kwa kuwa harufu yake humvuta. Mtu aliyevaa tai miaka 34 akionekana anakinga mkojo wa ng'ombe kwenye chupa, hapana budi watoto wacheke. Walicheka.

Sasa nasema habari ya ukame. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya mwaka 2020 hata vuli ya 2022. Tarehe 8 Septemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba ukame ule ni janga la taifa. Lakini mjomba wangu alikuwa amekwisha kutangaza miezi miwili kabla. Alisimama kwenye lango la zizi, akashika nyasi mkononi, akazivunja. Akasema, "Mpwa wangu, uza madume yote na majike yasiyozaa. Bakiza mama tu."

Nilifungua daftari langu. Bei ya mnada wa Mariakani ilikuwa imeshuka, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiuza. Nikamjibu kwa heshima, lakini nikamjibu kama mtu wa benki: "Mjomba, nikiuza sasa nitapoteza theluthi ya bei. Nitangoje vuli."

Akaniuliza, "Na wakifa, utapoteza theluthi ngapi?"

Sikuuza. Vuli haikuja. Nilinunua majani makavu na pumba za mahindi, na bei yake ikapanda kila wiki, nami nikanunua tena, kwa sababu nilikwisha kutumia nyingi mno nisiweze kuacha. Mnaona, nilikuwa nimegeuka yule mtu aliyekuwa akiinamisha kichwa mbele ya meza yangu. Ilipofika Machi 2022 walikuwa wamebaki 19. Mjomba hakunikumbusha neno lake hata siku moja. Alikuja na kisu chake, tukachuna pamoja.

Baada ya hayo ndipo aliponipeleka kwenye kamati ya josho. Alisema, "Hesabu zako hazikuwafaa ng'ombe wako, labda zitawafaa wa watu." Majosho yetu, kama mjuavyo, zamani yaliendeshwa na Serikali, kisha miaka ya 1990 yakaachiwa wananchi, na mengi yakafa. Letu lilikuwa halijafa, ila lilikuwa mahututi. Nilikuta kopo la fedha na daftari lililochanwa kurasa. Hapakuwa na mwizi. Kila mtu aliamini kwamba mwenzake ameandika. Dawa ilipopungua waliongeza maji, na dawa iliyozimuliwa haimwui kupe, bali humzoeza.

Basi tukafanya jambo dogo. Kila siku ya kuogesha, kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia, mweka hazina husoma kwa sauti: fedha zilizoingia, zilizotoka, dawa iliyobaki. Mweka hazina ni mama mmoja muuza maziwa, naye ni mkali kuliko mkaguzi yeyote niliyepata kumwona kazini. Mwezi wa kwanza alinisoma mimi mwenyewe mbele ya watu wote, kwamba nadaiwa ada ya ng'ombe sita. Nililipa pale pale.

Kazi hii haina mshahara, na wengine huniuliza napata nini. Nami huwakumbusha majirani zetu wa Mwaluganje, Waduruma na Wadigo, walioacha kulima sehemu ya ardhi yao ili ndovu wapite, na hifadhi ikafunguliwa mwaka 1995 ili wenye ardhi washiriki katika mapato ya viingilio. Jambo kama hilo lataka mtu akeshe na daftari, aseme nani alitoa ekari ngapi na anastahili kiasi gani. Ndovu peke yake hajui kugawa fedha.

Leo zizini wako 31. Mjomba amezeeka, haoni vizuri, lakini bado huletewa nyasi mkononi azivunje. Mwezi uliopita alivunja, akasema niuze wanne. Niliuza watano.

Mwenye swali la kiinua mgongo na aulize sasa, maana gari la Lunga Lunga halingoji, na kesho alfajiri ni siku ya josho. Nikichelewa, yule mama atanisoma.