Pete ya Nuru Nyuma ya Vumbi

Kiangazi kikikolea, lori moja tu kwenye barabara ya murram nje ya Eldoret linatosha kuficha mashamba yote ya ngano. Galaksi za kale nazo zina vumbi lao, na humo ndimo nyota huzaliwa kwa fujo. Vumbi hilo hunyonya mwanga, likapata joto, kisha likatoa mawimbi marefu ambayo jicho haliyaoni.

Adui wa mawimbi hayo ni mvuke wa maji hewani. Eldoret, kwa mita zake 2,100 hivi, bado iko chini mno. Ndiyo maana antena 66 za darubini ya redio ya ALMA zilisimikwa Atacama, Chile, karibu mita 5,000 juu: kimo cha kilele cha Lenana, Mlima Kenya.

Hata huko, umbali unatisha. Msaada hutoka angani kwenyewe: galaksi nzito ikikaa katikati, mvutano wake hupinda nuru ya galaksi iliyo nyuma na kuikuza.

Galaksi ya SPT0418-47 ni mfano mtamu. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 12, nayo galaksi iliyo mbele imeikuza takriban mara 30 na kuichora kama pete. Mwaka 2023, kundi la Justin Spilker wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, likitumia darubini ya James Webb, lilitangaza kuona humo molekuli za kaboni kama zile za moshi na masizi.

Ajabu ni kwamba penye moshi huo si lazima pawe na nyota zinazozaliwa, na penye nyota hizo moshi wakati mwingine haupo. Sababu yake bado inawaumiza wanasayansi vichwa.