Hotuba kwa Wanachama wa Kibera na Kawangware: Ukiibiwa, Usirudi Bila Nambari ya O.B.



Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya wizi mdogo mdogo, nami nimekubali kwa sababu jambo hili limeanza kuingia katika mishahara yetu.

Ninyi wa Kibera mnaofuata reli kwa miguu alfajiri kwenda Industrial Area, na ninyi wa Kawangware mnaokwenda kazini Lavington na Kileleshwa, mnajua vitu vinavyoibiwa. Simu. Mtungi wa gesi. Viatu vilivyoanikwa. Mfuko wa fundi wenye nyundo na bisibisi. Kwa tajiri hivi ni vitu vidogo. Kwa mtu wa kibarua ni chakula cha wiki mbili.

Basi mtu akienda kituoni, mara nyingi huulizwa, "Unamshuku nani?" Akisema hamjui mwizi, huambiwa akamtafute, akimwona aje awaite askari. Au huambiwa gari halina mafuta, na maana yake kila mtu hapa anaifahamu. Sisemi askari wote ni hivyo. Wako wanaoandika vizuri na kufuatilia. Lakini mtu aliyerudishwa mara moja haendi tena, na mkubwa wa polisi akitazama kitabu chake ataona mtaa wetu umetulia.

Sasa sikilizeni habari ya mshahara. Fundi mmoja, mwanachama wetu, aliibiwa mashine ya kampuni ndani ya matatu akirudi nyumbani. Alikwenda kituoni, akajibiwa kama nilivyosema, akarudi mikono mitupu. Mwisho wa mwezi mwajiri akamkata. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyopotea, lakini pale tu ambapo mfanya kazi amekosa kwa makusudi. Tulipokwenda kumtetea, meneja aliuliza swali moja: nambari ya polisi iko wapi? Hakuwa nayo. Tulibishana wiki tatu, na pesa iliyorudi ilikuwa nusu.

Kitabu cha matukio, ambacho sote twakiita O.B., kipo katika kila kituo, na kuandikwa humo ni bure. Nambari yake huonyesha umeandikwa wa ngapi siku ile, kisha tarehe: kwa mfano 32/14/5/2024. Sema wazi, "Nimekuja kuandikisha ripoti ya wizi, naomba nambari." Usiondoke bila hiyo. Ikiwa ni simu, kwanza waambie kampuni ya simu wafunge laini na M-Pesa, ndipo uende kituoni na nambari ya simu yenyewe. Bonyeza *#06# leo hii uiandike karatasini, maana simu ikishakwenda huwezi tena kuibonyeza. Askari akikataa kuandika, mwulizie O.C.S. Naye akikataa, iko IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kupokea malalamiko ya raia juu ya polisi.

Najua wako watakaosema ya nini kitabu, tairi na petroli ni haraka zaidi. Ndugu, hili tusilifanyie mzaha. Kelele ya "mwizi!" haiulizi jina, na kijana anayekimbilia zamu ya usiku hukimbia sawasawa na mwizi. Tena sheria ya jinai, kifungu cha 21, huwashika wote walioshirikiana kwa nia moja, aliyeleta kiberiti pamoja na aliyerusha jiwe. Mwizi afikishwe kituoni akiwa hai. Kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 49, polisi wana saa 24 kumpeleka kortini, isipokuwa siku za korti kufungwa.

Hapo ndipo kesi nyingi hufa, kwa kuwa mlalamikaji haendi kutoa ushahidi. Hawezi kupoteza kibarua cha siku tatu kwa ajili ya mtungi wa gesi. Kwa hiyo kamati itadai katika mapatano yajayo kwamba siku ya ushahidi ilipwe kama siku ya kazi.

Kuanzia Jumamosi hii karani wa tawi atakuwa na daftari. Aliyerudishwa kituoni alete tarehe, saa na jina la kituo. Zikifika ripoti ishirini, tutazipeleka kwa O.C.S. sote pamoja.