Mkono Haupimi Baridi
Mafundisho kwa bamama juu ya frigo ya nyumbani



Leo hatutazungumza juu ya uzito wa mtoto wala juu ya uji. Tutazungumza juu ya frigo. Wengine watauliza: frigo inaingia namna gani katika mafundisho ya afya? Inaingia, kwa sababu katika nyumba nyingi za hapa Naviundu chakula cha mtoto kinalala ndani ya frigo. Samaki inalala humo, maziwa yanalala humo, sombe ya jana inalala humo. Katika nyumba ingine, hata insulini ya nyanya mwenye ugonjwa wa sukari inalala humo. Frigo ikisema uongo, mtoto njo analipa.

Na frigo inaweza kusema uongo. Taa inawaka, motere inalia, mlango unafunga, lakini ndani kuko joto ya kutosha kwa vijidudu kuzaana. Mara nyingi si frigo nzima iliyokufa. Ni kitu kimoja kidogo tu, kile kinachopima baridi. Kitu hicho kinaweza kubadilishwa nyumbani. Mama hana lazima ya kuwa fundi ili ajue kwamba kimeharibika.

1. Ni nini inayopima baridi?

Motere ya frigo haifanyi kazi saa zote. Inafanya kazi, inapumzika, inaanza tena. Kipimo cha baridi njo kinaiambia: anza, simama. Kuko aina mbili.

Katika frigo za zamani ni termosta. Iko nyuma ya kile kifungo cha kuzungusha chenye namba. Inatoa mkia mwembamba wa chuma, wenye gesi kidogo ndani. Ncha ya mkia inabanwa penye barafu inatokea. Pakipata joto, gesi inapanuka na kusukuma swichi, motere inaanza. Pakipoa, gesi inajikunja, motere inasimama.

Katika frigo nyingi za sasa ni sonda. Ni kichwa kidogo cha plastiki, kama punje ya maharagwe, chenye nyuzi mbili. Sonda inapeleka habari ya baridi kwa kadi ya umeme iliyo ndani ya frigo, na kadi njo inaamuru motere.

Termosta ikipoteza gesi yake, motere haianzi tena. Swichi yake ikishikana, motere haisimami, na hata mboga zinaganda. Ncha ya mkia ikitoka mahali pake, baridi inapita kiasi. Sonda ikiingia maji, ama waya yake ikikatika, inapeleka habari ya uongo.

2. Pima kwanza

Mama mmoja atasema: "Mie najua, nikitia mukono nasikia baridi." Hapana, mama. Mkono wako uko na joto zaidi ya degre 30. Ukigusa kitu cha degre 12, utasema ni baridi sana. Lakini kwa degre 12 vijidudu vya kuhara vinaendelea kuzaana ndani ya chakula.

Tafuta termometa inayosoma mpaka chini ya 0. Ile ya kupima homa haifai. Ijaribu hivi: vunja barafu, jaza glasi, ongeza maji kidogo, tia termometa, koroga, ngoja dakika 5. Inapaswa kusoma 0, ama karibu sana na 0. Ikisoma 6, usiiamini.

Jioni, weka glasi ya maji katikati ya frigo na termometa ndani yake. Asubuhi, mbele batoto hawajaanza kufungua mlango, soma namba:

– Kati ya degre 2 na 5: ni muzuri.
– Zaidi ya 5: chakula hakilindwi.
– 0 ama chini: frigo inapita kiasi.

Rudia usiku wa pili. Usihukumu frigo yako kwa usiku wa delestaji. Frigo isiyo na umeme haina kosa.

3. Mbele ya kulaumu termosta ama sonda

Angalia mambo haya, hayaombi franka hata moja. Funga mlango juu ya karatasi, halafu vuta. Karatasi ikitoka bila kushikwa, kaucu ya mlango imechoka. Ioshe na maji ya moto kidogo na sabuni, pima tena. Angalia nyuma: vumbi likijaa kwenye mabomba, joto haiwezi kutoka. Frigo isisukumwe mpaka kugusa ukuta. Usiingize sufuria ya moto. Usijaze vitu mpaka hewa inakosa njia. Barafu ikiwa nene, zima frigo na uiache iyeyuke yenyewe. Usiitoboe na kisu! Kisu kinatoboa bomba, gesi inatoka, na frigo nyingi za sasa ziko na gesi inayoshika moto.

Ukifanya hayo yote na namba bado ni mbaya, sasa tuseme juu ya kubadilisha.

4. Namna ya kubadilisha

Kwanza, toa prizi. Sikieni muzuri, bamama: umeme kukatika si sawa na prizi kutolewa. Wakati wa delestaji umeme unaweza kurudi saa ile mikono yako iko ndani. Prizi itoke ukutani, uiweke mahali unaiona. Mikono ikauke, sakafu ikauke, na ndani ya frigo pakauke. Batoto wabaki inje.

Kwa termosta: ukizungusha kifungo kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa kawaida unasikia "ta". Usiposikia kitu, ni alama ya kwanza kwamba imekufa, lakini si hukumu. Fungua kisanduku chake na turnevisi. Mbele ya kutoa waya, andika kwenye karatasi rangi ya kila waya na mahali iliposhika. Ukiwa na simu, piga picha. Ona pia ncha ya mkia inabanwa wapi na inaingia urefu gani. Nenda sokoni na termosta ya zamani mkononi, uombe ya namna ile ile, yenye namba ile ile. Kisha hamisha waya moja kwa moja: toa moja ya zamani, tia moja ya mpya. Usitoe zote mara moja. Mkia usiukunje kama karatasi; uzungushe polepole. Ukivunjika, gesi inatoka, na kitu kipya kimekufa mbele ya kuzaliwa. Bana ncha yake palepale penye ile ya zamani ilikuwa.

Kwa sonda: hapa omba mtu mwenye multimetri, hata fundi wa radio wa avenyu yako. Nyuzi mbili zitolewe kwenye kadi, zipimwe. Tia kichwa cha sonda ndani ya ile glasi ya barafu na maji, halafu ushike ndani ya mkono. Sonda nzima inaonyesha namba kubwa penye baridi na namba ndogo penye joto, na namba inatembea polepole. Kwa aina moja inayopatikana sana, ni om 10 000 kwa degre 25, na karibu 30 000 kwa degre 0. Namba isipotembea, ama ikiwa 0 kabisa, ama multimetri isiposoma kitu, sonda imekufa.

Nunua sonda yenye om sawa na ile ya zamani. Hapa njo watu wengi wanapotea. Sonda zinafanana kwa macho, lakini kama om si sawa, kadi itasoma uongo mpya pahali pa uongo wa zamani. Angalia maandishi ya sonda ama namba ya frigo iliyobandikwa ndani yake.

Nyuzi za sonda hazina upande: yoyote inaweza kuingia popote. Kama lazima uzikate na kuziunga, kila kiungo kifunikwe kivyake, kisha vyote vifungwe pamoja ili maji yasiingie. Skochi peke yake haitoshi, inaachia ndani ya baridi. Tumia mpira unaojibana ukipata joto, ama silikoni. Unyevu ukiingia kwenye kiungo, namba inashuka, kadi inafikiri ndani kuko joto, na motere haitasimama.

Rudisha vifuniko, kisha prizi. Ngoja siku moja nzima. Halafu glasi ya maji na termometa tena. Kazi haijaisha mpaka namba imesema imeisha.

5. Usiguse

Mabomba ya gesi, motere yenyewe, waya iliyoungua, kadi yenye harufu ya kuungua: hizo ni kazi ya fundi. Ukisikia kama umeme unakuchoma kidogo ukigusa mlango, usitumie frigo hata siku moja. Prizi itoke leo, mlango usiguswe tena, fundi aitwe.

6. Na chakula, wakati frigo inangoja?

Chakula kilichopikwa, nyama, samaki na maziwa visikae inje zaidi ya saa 2. Kama ile siku ya mwezi wa 10 joto inapita degre 32, isizidi saa 1. Pika paka ya kula leo. Kuchemsha tena hakuponyeshi kila kitu: vijidudu vingine vinaacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Mama anayenyonyesha, asante kwa kazi yako: maziwa ndani ya kifua hayana lazima ya frigo. Ukiyakamua, yanaweza kukaa saa 4 penye hakuna joto kali, na mpaka siku 4 ndani ya frigo nzuri. Maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa mtoto yasipite saa 24 ndani ya frigo, na iwe frigo isiyozidi degre 5. Kama hujapima, koroga ya kunywa sasa, na inayobaki imwagwe.

Insulini isiyofunguliwa inalindwa kati ya degre 2 na 8. Ikiganda, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri, itupwe. Kwa hiyo frigo inayopita kiasi ni mbaya sawa na ile isiyopoa. Usiiweke karibu na barafu.

7. Kwa nini muuguzi anaandika namba kila siku?

Mmeona karatasi kwenye frigo ya chanjo. Asubuhi na jioni muuguzi anasoma termometa na kuandika. Anatafuta degre 2 mpaka 8. Chanjo ya surua na matone ya polio yanaharibiwa na joto. Chanjo ya pepopunda na ile ya homa ya ini B zinaharibiwa zikiganda. Chanjo iliyopoteza nguvu haitoi kelele: sindano inapigwa, karatasi ya mtoto inaandikwa, lakini mwili haujifunzi kitu. Mwaka 2018, wakati wa Ebola katika jimbo la Équateur, chanjo ililazimu kulindwa katika degre 60 mpaka 80 chini ya 0, mpaka Bikoro, mbali na umeme wa kuaminika. Watu waliweza, kwa sababu walipima.

Kwa hiyo usiombe chanjo ikulalie nyumbani. Lakini chukua desturi ile ya muuguzi, uende nayo kwako.

Tukumbuke, bamama:

– Mkono haupimi baridi, termometa inapima.
– Degre 2 mpaka 5 kwa chakula.
– Prizi kwanza, turnevisi nyuma.
– Kitu kipya kiwe sawa na cha zamani kwa namba, si kwa macho.
– Baada ya kubadilisha, pima tena.
– Ukiwa na mashaka juu ya chakula cha mtoto, kitupe. Samaki inanunuliwa tena.

Sasa, nani iko na swali?