Gitaa la Jadotville na kilio cha kumezwa

Kila mkutano wa utamaduni ukifika saa ya maswali, husimama mtu akalia kwamba soko la burudani la dunia limetumeza: vijana wanacheza za Lagos, wanavaa za Marekani, asili imekwisha. Mhadhara huu unatolewa Likasi, kusini mwa Kongo, na Likasi ndiyo inayokikanusha kilio hicho.

Anayelia hivyo huchukulia, bila kusema, kwamba soko lilikuta utamaduni safi umekaa ukilisubiri. Hapa ulikuwa wapi? Shaba ndiyo iliyoujaza mji huu watu. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, wakaishi kambi moja, Kiswahili kikawaunganisha. Mtoto wa mitaa ya Panda au Shituru akiambiwa arudi kwenye asili yake, atauliza arudi wapi, na atakuwa na haki. Rumba ya Kongo yenyewe, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, ilikua kwa kusikiliza santuri za Kuba za mfululizo wa GV, zilizoletwa kuuzwa tangu miaka ya 1930. Walinzi wa asili wa leo, wangekuwa watu wazima enzi zile, pengine wangezipiga marufuku.

Shahidi mkubwa zaidi ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta akipiga gitaa mtaani Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati huo. Wimbo wake "Masanga" ukatolewa na kampuni ya santuri ya Gallotone ya Johannesburg. Mwaka 1959 Bosco alikuwa Nairobi, gitaa lake likitangaza dawa ya Aspro. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Biashara tupu, kuanzia santuri hadi vidonge vya kichwa. Hata hivyo, ni nani aliyesikia "Masanga" akadhani unatoka Texas?

Hapo ndipo mtafiti wa muziki David Rycroft anapostahili kusomwa polepole. Katika makala yake ya sehemu mbili, jarida la African Music, 1961 na 1962, aliandika kwa nota namna Bosco alivyobuni papo kwa papo, akifuata kinachobadilika kutoka duru moja ya wimbo hadi nyingine. Vidole viwili tu vinafanya kazi: gumba kwenye besi, shahada kwenye nyuzi za juu, kila kimoja na mwendo wake, huku msikilizaji akiapa kuwa wapigaji ni wawili. Ni kurasa kavu, zisizo na hata tone la hotuba ya utambulisho, na zimesema mengi kuliko maazimio ya makongamano mengi. Gitaa lilitoka kiwandani Ulaya. Mwendo wa kile kidole gumba hakuna kiwanda kilichoutoa.

Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kujaribu kuzifuata nota hizo kwa gitaa la kuazima katika mtaa wa Kikula, hapa Likasi. Fundi wa simu wa kibanda cha jirani, ambaye mchana kutwa hupiga muziki wa Nigeria kwa sauti ya juu, alivumilia kidogo, kisha akasema: "Baba, gumba lako linachelewa." Akaweka bisibisi chini, akagonga mapigo yote mawili juu ya meza kwa vidole viwili. Mtu aliyemezwa hafanyi hivyo.

Wenye kilio wana neno moja la haki: redio na simu huupa nafasi zaidi muziki wenye fedha nyuma yake, na wimbo wa Kiswahili cha Katanga hupata tabu kusikika mbele ya Kinshasa, achilia mbali Lagos. Lakini hilo ni suala la umiliki, na dawa yake haipatikani kwa kumkataza mtu kusikiliza cha wengine. Rekodi alizofanya Tracey mwaka 1952 zimo katika hazina ya maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Na iliyozitoa upya rekodi za magitaa ya kusini mwa Kongo kwenye CD ni SWP, kampuni ya Utrecht, Uholanzi. Walizitunza, na washukuriwe. Ila nakala kamili ya sauti hizo ilipaswa kuwa Likasi pia, pamoja na karatasi za mikataba, ili yule fundi wa Kikula azisikilize bila kuomba ruhusa ya mtu.